Safari za ujanani zinavyotuliwaza wakati wa dhiki: watu wa Lamu na Malindi, karibuni tuzungumze

Mwanzisha uzi, Lamu

Assalam aleikum, wanabaraza. Humu ndani tumezoea kuzungumzia safari kwa mambo ya nauli, mabasi na hali ya barabara ya Garsen. Leo naomba tuzungumzie safari zilizokwisha zamani, zile tulizozifanya tukiwa vijana tusio na kitu mfukoni, na jinsi zinavyotufaa sasa ambapo baadhi yetu tumezeeka, wengine wanauguza, na wengine biashara zimewakwama. Nina rai moja ninayotaka kuitetea: faraja ya safari hizo haitokani na utamu wake. Hutokana na vitu vidogo tunavyovikumbuka kwa uhakika, na aghalabu vitu hivyo ni vya taabu.

Rai hii niliipata kando ya kitanda cha kaka yangu mkubwa, aliyepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia umelegea na maneno humtoka kwa shida. Watu waliokuja kumjulia hali walimwambia yale ambayo sote huyasema, kwamba avute subira na kwamba Mungu yupo, naye akiitikia kwa kichwa kisha akigeukia ukutani. Jioni moja, kwa kukosa la kusema, nilimtajia safari yetu ya kwenda Mombasa kwa jahazi la boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, mwishoni mwa miaka ya 1970, nikasema kwamba usiku wa kwanza tulitia nanga Kipini. Aligeuka. Alitikisa kidole cha mkono wa kushoto mbele ya uso wangu, akahangaika na ulimi wake mpaka neno likatoka: "Ngomeni." Nikashikilia Kipini, naye akakasirika. Tulibishana kwa muda mrefu, mimi kwa maneno na yeye kwa kidole, hata shemeji akaacha shughuli zake za jikoni akaja kuangalia kuna nini, kwa maana hakuwa ameisikia sauti ya mumewe ikipanda namna ile tangu atoke hospitali.

Kwa vijana wasioijua kazi hiyo, niseme kidogo. Kabla ya serikali kupiga marufuku uuzaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, mikoko ya Lamu ilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na mingine ilishuka Mombasa kwa wajenzi. Ilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na ikatengwa kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo. Vijana kama sisi tulipewa nafasi bila nauli kwa sharti la kufua maji, yaani kuyachota yanayoingia chomboni na kuyamwaga, na kuvuta kamba. Tuliondoka na kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, na kurudi kulimtegemea kusi, ambaye huanza kushika mwezi wa Aprili. Aliyeshuka Mombasa mwezi wa Februari bila pesa ya basi alijua kwamba atakaa huko, apende asipende, mpaka upepo ugeuke.

Sasa nikijiuliza ni nini hasa nilichobaki nacho katika safari ile, sioni machweo wala mandhari. Ninakumbuka boriti mbichi zilivyokuwa zikiteleza chini ya nyayo, na harufu ya magome yake iliyoingia hata katika wali. Ninakumbuka jiko letu, sanduku la mbao lililojazwa mchanga, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea ila mpishi. Ninakumbuka kamba ya foromali, ule mti unaobeba tanga, ilivyonichuna viganja vyote viwili hata nikashindwa kula, kaka yangu akanimegea wali na ng'onda, samaki mkavu, akanitia kinywani huku mabaharia wakinicheka na kuniita bwana harusi. Hili la mwisho nilikuwa nimelisahau kabisa. Ni yeye aliyenikumbusha, juzi nilipokuwa nikimlisha uji: alikizuia kijiko, akanionyesha kiganja changu, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Nilisomesha somo la historia kwa muda mrefu, kwa hiyo mtanivumilia nikimtaja msafiri mmoja. Ibn Battuta aliondoka kwao Tanja, huko Moroko, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1331 alipita pwani yetu akielekea Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Alipokuja kurudi kwao mwaka 1349, tauni ilikuwa imeua watu wasiohesabika, na mama yake alikuwa amefariki kwa tauni hiyo miezi michache kabla mwanawe hajafika. Habari ya kifo cha baba yake alikuwa ameipata njiani, Damascus, miaka mingi baada ya kifo chenyewe. Mtu huyo, yatima na msafiri aliyechoka, aliketi Fez akamsimulia mwandishi Ibn Juzayy, na masimulizi yakakamilika mwaka 1355. Kuhusu Mombasa anaeleza kwamba mbele ya milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, na maji yalichotwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, baada ya India na China, baada ya misiba yote ile, alikuwa bado anajua urefu wa kile kijiti.

Basi naomba yeyote atakayechangia asituletee maneno ya "zamani kulikuwa kuzuri." Atuletee kijiti chake.

Mchangiaji, Malindi (mhudumu wa boti za wageni)

Waalaikum salaam, Mwalimu. Mungu amjalie kaka yetu nafuu. Kwanza, kuhusu ule ubishi, nitasimama upande wa kaka yako. Jahazi lililojaa boriti, likitoka Lamu na maji ya alfajiri na kaskazi ikiwa nyuma, halina sababu ya kuingia Kipini isipokuwa lina tatizo, kwa maana pale mdomoni mwa Tana maji ni machafu na mafungu ya mchanga ni mengi. Nahodha anayeijua kazi yake ataikata Ghuba ya Ungwana apate kujificha nyuma ya Ras Ngomeni kabla ya giza.

Pili, sikubaliani na rai yako, au tuseme sikubaliani nayo yote. Mwezi wa Aprili 2020 kaunti yetu ya Kilifi ilifungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka mpaka Juni, na juu yake kulikuwa na kafyu ya usiku. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Hifadhi ile ipo tangu 1968 na sikumbuki kuiona bila chombo hata kimoja kwa muda mrefu kiasi kile. Boti nililipandisha mchangani, nikakaa nyumbani na wanangu, na usiku nikawa ninaikumbuka safari yangu ya kwanza ya Unguja nilipokuwa sijaoa. Nakwambia kweli, Mwalimu, haikunipa faraja yoyote. Nilikuwa nikikumbuka jinsi nilivyoshuka Malindi ya Unguja, ule mtaa wa bandarini, nikijitembelea Forodhani na pesa yangu mwenyewe mkononi, halafu ninajitazama nilivyo: mtu mzima anayemwomba muuza duka amwandikie unga kwa deni. Kumbukumbu ilikuwa kama shahidi aliyeletwa kunishtaki. Nilikuwa na vitu vidogo vingi katika safari ile, nikivikumbuka kwa uhakika wote unaoutaka wewe, na kila kimoja kilinichoma.

Kwa hiyo nadhani unasahau jambo moja. Kaka yako alifarijika kwa sababu alikuwa na mtu wa kubishana naye. Angekuwa peke yake ukutani pale na hiyo Ngomeni yake, pengine ingemuumiza.

Mchangiaji, Malindi (mama wa wajukuu)

Wanangu na ndugu zangu, mimi si hodari wa kuandika, lakini jambo hili limenigusa nami nitasema yangu.

Mimi ni mtu wa huko juu, upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Wakati wa vita vya shifta katika miaka ya 1960 watu wa vijiji vyetu walihama, wengine wakaenda Lamu, wengine wakateremka hadi huku Malindi na Mombasa. Sisi tulipakiwa mashuani usiku, nikiwa mtoto mdogo. Ninaikumbuka safari ile, na ina vitu vidogo vingi, lakini Mwalimu asiniombe nivitaje. Ile haikuwa safari, ilikuwa kukimbia. Nasema hivi kwa sababu vijana husikia wazee wanasifu safari wakadhani kila mtu aliyepanda chombo ana hadithi tamu ya kusimulia.

Safari yangu mimi ni nyingine. Nilikuwa msichana, shangazi yangu akanichukua Lamu kwenye Maulidi ya Riyadha, ambayo husomwa mwishoni mwa Mfunguo Sita. Mwaka ule mwezi uliangukia kwenye masika. Basi letu lilikwama mbele ya Garsen, kwenye ule udongo mweusi wa Tana ambao ukilowa haukuachii hata kiatu, na tukalala hapo hapo, wanawake ndani na wanaume nje chini ya turubai. Shangazi alifunga ncha ya leso yangu kwenye leso yake, fundo gumu, akasema kwamba sitakwenda popote usiku bila yeye kujua. Asubuhi alisimamisha mafiga matatu juu ya tope akapika chai ya tangawizi kwa kila aliyekuwamo, hata makanga aliyekuwa amemtukana jana yake.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi kama ilivyo sheria. Wanaojua eda wanajua: huendi harusini, huendi sokoni, na usiku ni mrefu kupita kiasi. Wanawake wenzangu walikuja wakaniliwaza kwa dua na kwa chakula, Mungu awalipe. Lakini kilichonilaza usingizi ni lile fundo la leso. Nilikuwa ninashika ncha ya leso yangu nikilala, mtu mzima mwenye wajukuu, nikiwaza kwamba kuna mtu mwisho wa pili. Shangazi mwenyewe alikuwa ameshakufa zamani.

Huyu bwana wa boti nimemwelewa vizuri. Yeye alikumbuka siku aliyokuwa na pesa, na siku ya pesa ukiikumbuka ukiwa huna pesa lazima ikuume.

Mchangiaji, Malindi (muuguzi)

Nawasalimu wote kwa heshima. Ninafanya kazi na wagonjwa wa muda mrefu, wengi wao wazee, na ningependa kuongeza machache niliyosoma katika masomo yangu, kwa sababu naona yanalihusu jambo hili moja kwa moja.

Zamani wataalamu wengi walimwona mzee anayerudia habari za ujana wake kuwa ni mtu aliyeanza kupotewa na akili. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika mwaka 1963 kupinga fikra hiyo, akieleza kwamba kuyapitia maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya uzee, na kwamba inaweza kumletea mtu utulivu ingawa kwa wengine huleta majuto. Angalieni kwamba hata yeye hakuahidi faraja kwa kila mtu. Baadaye watafiti wengi walithibitisha kwamba mtu aliyevuka umri wa miaka arobaini, ukimwomba akusimulie maisha yake, kumbukumbu zake hujazana kwenye kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni kwamba huo ndio wakati wa mambo ya kwanza: mara ya kwanza kulala mbali na kwenu, kazi ya kwanza, mji wa kwanza ambao hakuna anayekujua. Safari ya ujanani hukusanya mambo hayo yote kwa pamoja.

Lakini lililonivutia zaidi katika maneno ya Mwalimu ni hicho kijiti. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wamejaribu kujitoa uhai. Waliwapa neno moja moja, kama vile neno la furaha, wakawaomba wakumbuke tukio moja mahususi. Watu hao walishindwa mara nyingi kuliko wengine. Walijibu kwa ujumla, jibu la aina ya "nikiwa na rafiki zangu," bila siku, bila mahali. Utafiti uliofuata ulionyesha hali hiyo hiyo kwa wagonjwa wa sonona. Tangu nilipolisoma jambo hili nimebadilisha namna ninavyozungumza na wazee wodini. Nilikuwa ninawaambia, "Babu, nisimulie ujana wako," naye hujibu kwamba ujana ulikuwa mzuri, mazungumzo yakafia hapo. Sasa ninamuuliza alipanda gari gani, aliketi upande gani, na nani alikuwa jirani yake.

Kuhusu bwana wa boti, wapo watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 1997, ambao waliwafuatilia watu kabla ya safari, wakiwa safarini, na baada ya kurudi. Kundi mojawapo lilikuwa la wanafunzi waliozunguka California kwa baiskeli muda wa wiki tatu. Barabarani walilalamika, na mvua iliwachosha; baada ya kurudi, malalamiko yalififia na safari ikapendeza kuliko walivyoieleza walipokuwa ndani yake. Kwa hiyo yule kijana wa Forodhani uliyekuwa ukijilinganisha naye, bwana, yumkini hakuwahi kuwa na raha kiasi hicho. Uliulizwa na mtu yeyote alikuwa na njaa kiasi gani?

Mchangiaji, Malindi (mhudumu wa boti za wageni)

Muuguzi, umenichekesha, na umenipata. Njaa alikuwa nayo, na viatu vilikuwa vya kuazima.

Nimekaa nikafikiri tangu jana, na naona kuna jambo sikulisema. Katika miezi ile ya korona kulikuwa na kumbukumbu moja iliyonisaidia, ila sikuihesabu kuwa ya safari kwa sababu haina fahari yoyote. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, kutoka hapa kwenda Mombasa, kilomita 120 hivi, ilibidi kuvuka mlango wa bahari kwa feri. Feri ikiharibika, au foleni ikizidi, mnakaa. Siku moja nilikwama pale tangu adhuhuri hadi usiku mkubwa. Wauza korosho walipita mpaka wakachoka kutupitia. Nyuma ya basi letu kulikuwa na lori la samaki, na barafu ilikuwa ikiyeyuka, maji ya rangi ya waridi yakitiririka kutoka nyuma ya lori mpaka chini ya miguu yetu. Sote tulimwonea huruma dereva wake, kwa maana ile ilikuwa mali inayoondoka mbele ya macho. Yeye alishuka, akaenda mbele akaitazama feri, akarudi, akatandika mkeka chini ya lori lake, akavua shati akalikunja likawa mto, akalala. Hakuwa mtu mpumbavu wala mzembe. Alikuwa ameshaona kwamba feri haimsikilizi.

Aprili ile ya 2020, boti likiwa juu mchangani, huyo dereva alinijia akilini mara nyingi kuliko Unguja yote. Sijui hata jina lake. Basi Mwalimu, nakupa nusu ya rai yako: taabu ndiyo inayofariji, na hasa taabu ya mtu mwingine uliyemwona akiibeba vizuri. Nusu ya pili, ile ya kwamba kila kitu kidogo hufariji, siitoi.

Mchangiaji, Malindi (kijana)

Shikamooni wazee. Naomba niulize, maana mazungumzo haya yananitia wasiwasi kidogo. Sisi wa rika langu barabara ya Lamu tumeijua baada ya mashambulizi ya 2014, mabasi yakienda kwa msafara wa polisi, watu wakishushwa kukaguliwa vitambulisho. Majahazi ya boriti tumeyasikia kwenu tu. Safari zetu zote ziko kwenye simu: nilikwenda Lamu na wenzangu mwaka jana nikapiga picha mamia, punda, milango ya nakshi, ngome, Shela. Nikijaribu kukumbuka kitu kama kile kijiti, sipati. Nikizitazama picha ninaona Lamu, lakini sijioni mimi nikiwa Lamu. Je, sisi tutakapozeeka tutafarijika na nini?

Mchangiaji, Malindi (muuguzi)

Mdogo wangu, swali lako limewahi kufanyiwa utafiti. Linda Henkel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Fairfield kule Marekani, aliwapitisha wanafunzi katika jumba la makumbusho, vitu vingine wakivipiga picha na vingine wakivitazama tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Siku iliyofuata walivikumbuka kwa udhaifu vile walivyovipiga picha nzima. Hata hivyo, waliombwa pia kuisogeza kamera kwenye sehemu moja tu ya baadhi ya vitu, na hivyo vilibaki akilini kama vile walivyovitazama kwa macho. Simu basi si adui. Badala ya kuupiga mlango mzima, chagua ua moja katika nakshi yake, ulitazame kwanza.

Mwanzisha uzi, Lamu

Nawashukuru nyote. Nimejifunza, na rai yangu imerudi kwangu ikiwa imekatwa kingo, jambo ambalo si baya.

Mama, sitakuomba utaje ile ya usiku. Hapa Lamu tunao watu wa Pate na wa bara ambao hunyamaza wakati wengine wanasimulia, na mara nyingi tumewadhania kuwa ni wakimya kwa tabia. Nitakuwa mwangalifu zaidi nikiwa barazani.

Bwana wa boti, nakubali kwamba kumbukumbu inayogeuzwa kuwa kipimo cha leo huumiza, kwa maana ujana utashinda kila mara. Lakini angalia ulivyojijibu mwenyewe. Unguja ilikuuma kwa sababu katika hadithi ile wewe ndiye bwana, na leo hukuwa bwana. Pale Kilifi ulikuwa abiria kama abiria wengine, huna la kufanya, na mbele yako yupo mtu aliyejua namna ya kuwa abiria. Hayo ndiyo niliyoyaona kwa kaka yangu. Hajawahi hata mara moja kutaka tuzungumzie siku alizokuwa na nguvu akitweka tanga peke yake, na mimi mwanzoni nilizitaja sana nikidhani zitampendeza. Anachokitaka ni zile wiki tulizokaa Mombasa tukimngoja kusi, tukilala juu ya magunia bandarini, hatuna kazi na hatuna nauli, kila asubuhi tukienda kutazama bendera za vyombo zimelala upande gani. Huko hataki nikosee hata kidogo. Nikisema tulikula mbaazi, yeye husema maharage. Mtu ambaye leo anangoja mguu wake, ambao pengine utapata nguvu na pengine hautapata, ameuchagua mwezi wa kungoja katika maisha yake yote akaweka makao humo.

Kijana, usitafute jahazi la boriti. Kama unataka kuja Lamu tena, njoo na wenzako wachache, na mkifika Mokowe, gati la upande wa bara, msikimbilie boti la mwendo kasi. Pandeni boti la abiria wote, lile linalongoja mpaka lijae, mketi na wanawake wenye kuku na mafundi wenye mabati. Nusu ya watu watakuwa wanalalamika. Sikiliza wanavyolalamika.

Nami nina swali langu la mwisho kwa mama, kwa kuwa muuguzi ametufundisha kuuliza. Hukutuambia: baada ya ile chai, basi lilitokaje kwenye tope?

Mchangiaji, Malindi (mama wa wajukuu)

Mwalimu, halikutoka lenyewe. Dereva alitaka watu wote washuke lisukumwe, na wote walishuka isipokuwa shangazi, ambaye alisema kwamba amelipa nauli ya kufika Lamu akiwa ameketi na hatashuka Garsen kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuwa mwanamke mnene, Mungu amrehemu. Nami nilikuwa bado nimefungwa kwenye leso yake, kwa hiyo nilibaki. Wanaume walilisukuma na sisi wawili ndani, na lilipotoka yeye ndiye aliyepiga vigelegele kwanza.